Vihenge Sitini vya Karatasi

Orodha ilikuwa na majina sitini, na pembeni mwa kila jina palikuwa na cheo cha mtu na alama ya kalamu, ama ya kijani ama nyekundu. Madamu alinikabidhi karatasi hiyo ofisini kwao Arua, pamoja na bunda la manila, wembe mpya, na chupa mbili za wino. Alisema anataka karamu ya mavuno. Kila mgeni ale chakula chake kutoka ndani ya kihenge kidogo cha karatasi, mfano wa vile vihenge vya nafaka vinavyosimama nyuma ya nyumba zetu, na paa lake la nyasi na miguu yake minne. Wenye alama ya kijani wafungiwe utepe wa kijani, wenye nyekundu utepe mwekundu, na jina la mgeni liandikwe hapohapo kwenye utepe.

Nilimuuliza rangi ni za nini. Wakati huohuo mtu alimwita kutoka nje, na huku akiinuka akaniambia nisiwe na wasiwasi.

Mimi katika maisha yangu sijawahi kuambiwa neno linaloleta wasiwasi kama hilo.

Madamu alikuwa mke wa mkuu wa lile shirika lililokuwa likigawa mbegu na majembe kwa sisi wakimbizi tuliorudi kutoka ng'ambo ya mpaka. Walitoka kusini mwa nchi. Kiswahili alikijua kidogo na hakukipenda. Kwake ilikuwa lugha ya askari, lugha ya kuamriwa ushuke kwenye gari ulale kifudifudi. Sikumlaumu kwa hilo, maana hata mimi niliamriwa hivyohivyo, kwa lugha hiyohiyo. Basi tulizungumza Kiingereza, changu kikiwa cha darasa la pili la sekondari, na cha shule ya wakimbizi Sudani nilikomalizia. Alinichagua mimi kwa sababu aliona kitanda cha mwanasesere nilichomkatia binti yangu kutokana na boksi la sabuni. Alisema nina mikono. Nikasema sawa, mikono ninayo.

Nikitoka, niliona kwenye chumba cha pili karani akipiga chapa. Nilipunguza mwendo. Alikuwa anapiga orodha ileile, majina yaleyale. Kwa nini ziwe mbili? Moja ni yangu mimi mkata karatasi. Ya pili inakwenda kwa nani?

Sikufika nyumbani. Niliketi juu ya jiwe kando ya barabara, mtoto mgongoni, nikaanza kusoma. Majina mengi niliyajua. Walikuwa wenyeviti wa vikundi vya wakulima, walimu, wazee, akina mama wa Arua na wa Koboko. Wenye alama nyekundu walikuwa thelathini na saba, wenye kijani ishirini na watatu. Nikapita mmoja mmoja na kidole. Wa kijani wote walikuwa Waislamu. Karibu wote walikuwa wa kwetu Koboko, na katika kila nyumba ya hao, niliweza kukutajia nani alikuwa amevaa gwanda zamani, baba, mjomba au mtoto.

Kidole changu kilisimama hapo. 

Lazima niseme wazi kilichokuwa kinanitia hofu. Watu wote walijua mimi ni mjane. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa kambini, na nilisema mume wangu alikufa kwa homa ya manjano upande wa Sudani. Niliisema habari hiyo kwa ufasaha mpaka wanawake walinililia. Hakuwa amekufa. Alikuwa palepale ng'ambo ya mpaka, mzima, analima muhogo wa watu, anangoja. Alichukuliwa ukuruta akiwa kijana, akavaa gwanda miezi saba tu kabla ya serikali ya wanajeshi kuanguka mwaka 1979 na askari wake kuanza kuwindwa, na miezi saba hiyo ilitosha kumfanya mtu wa kutafutwa. Tulikubaliana nitangulie mimi na mtoto, nitazame hali. Alinipa shati lake la samawati. Siku nitakayoona ni salama nimpelekee shati, naye akiliona atavuka. Mwaka ulikuwa umepita. Kila siku ya soko mama mmoja mchuuzi wa sabuni, aliyekuwa akivuka mpaka kama mtu anavyovuka uwanja wake, alinipitia na kuniuliza polepole, "Mzigo iko?" Nami nikamjibu, bado.

Sasa nina orodha mkononi, yenye watu wa aina ya mume wangu wametiwa alama.

Baba mkwe wangu alikuja Arua katikati ya juma hilo kufuata jembe. Yeye alijua kwamba mwanawe yu hai, na alikuwa akimwombea dua ya marehemu mbele za watu bila kupepesa. Nilipanga chumba upande wa kwenda Ombaci, askari walikoua watu wengi, mahali ambapo huhitaji kumweleza mtu kwa nini karatasi yenye majina inatisha. Nilimwekea chai, nikamwonyesha. Alikuwa na macho mabovu, ikabidi nimsomee. Nilipofika kwenye mwenyekiti wa wakulima wa upande wa Ludara nikasimama, kwa sababu mwenyekiti huyo ni yeye, lakini jina, nililolipita haraka siku ile juani, halikuwa lake.

"Baba, hapa wameandika mtu mwingine."

"Najua. Karani aliuliza, mimi nikampa hiyo."

"Ni ya nani?"

"Ya ndugu yangu, ile alikufa Sudani." Akapuliza chai. "Wakitafuta yeye, waende kaburini."

Nilimuuliza kama anaona kuna hatari, basi karamu anaiendea nini. Akanitazama kama ninavyomtazama mtoto anayelamba gundi. Alisema mbegu ya karanga inagawiwa siku hiyohiyo, na mbegu anaitaka, jina lake ndilo hataki kulipeleka. Kuhusu zile rangi alimaliza chai kwanza. Kisha akasema, "Wewe kata karatasi, mama mtoto. Mdomo funga."

Nilikata. Sitaki mtu afikiri kwamba kwa kuwa nilikuwa na hasira nilifanya kazi mbovu. Nilichukua kopo la maziwa ya unga nikalizungushia manila, nikapata ukuta wa duara ulio sawa. Gundi nilikoroga mwenyewe kwa unga wa muhogo na maji ya moto, nikaweka na chumvi kidogo mende wasije. Chini nilichomeka vipande vinne vya bua la mtama, vikawa miguu. Paa ndilo lilikuwa na ufundi. Unakata duara, unalipasua mpaka katikati, unalipandisha juu yake lenyewe mpaka linachongoka kama pia, halafu ukingo wote unauchanja kwa wembe vijistari vyembamba, unavivuta kwa ubavu wa kisu mpaka vinajikunja kama nyasi kavu. Kwa mkaa nilichora fito za ukuta. Ndani niliweka jani la mgomba lililobabuliwa motoni, ili mafuta yasipenye. Binti yangu alivipanga sakafuni, akasema ni kijiji. Kwa kweli kilikuwa kijiji. Nilipotazama vihenge arobaini vya kwanza vimekaa kwenye mkeka, vyote vina paa na hakuna hata kimoja kilichochomwa, nililia kidogo, na nikakasirika zaidi.

Zikabaki tepe. Nilizichovya kwenye wino, nikazianika kwenye kamba, kijani ishirini na tatu, nyekundu thelathini na saba. Na zikiwa zinakauka nilikumbuka kizuizi cha barabarani, zamani, tukikimbia. Walitushusha kwenye lori. Mmoja alikuwa na karatasi. Wewe huku, wewe kule. Hawakupaza sauti, walikuwa wastaarabu kabisa. Sisi wa huku tulipanda tena lori. Wa kule sijui habari zao mpaka leo, na kati yao alikuwepo mwalimu wangu wa hesabu.

Basi nikachanganya.

Nilizitia tepe zote kikapuni, nikafumba macho, nikawa naokota moja moja na kuandika jina linalofuata. Wa kijani akaangukia nyekundu, wa nyekundu akaangukia kijani, wengine wakabaki palepale. Idadi ya rangi niliiacha ilivyo, ili mtu akihesabu asione kosa. Nilijiambia, wakija na ile nakala ya pili kuchukua wa kijani, wamchukue mwalimu mkuu wa Kikatoliki na mama wa kwaya, tuone watawafanya nini. Sikujiona mwerevu. Nilijiona kama mtu aliyemwaga mchanga ndani ya injini ya gari lisilo lake.

Madamu alihesabu vihenge. Aliinua paa moja, akalirudisha, akainua tena. Alisema hajaona kitu kizuri namna hii. Alihesabu na tepe, ishirini na tatu, thelathini na saba, akatabasamu. Lile tabasamu nilikwenda nalo nyumbani nikaligeuza kila upande.

Karamu iliwekwa saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado lipo, kwa sababu wakati ule watu wa kwetu hawakukubali kula ugenini gizani. Ukumbi ulipambwa kwa masuke ya mtama na mafungu ya simsim. Vihenge vilitoka jikoni vikiwa vimejaa, vizito, vikapangwa juu ya meza ndefu. Madamu hakuweza kuyatamka majina yetu, akaniomba mimi niite, kila mtu asimame achukue chake.

Niliita la kwanza. Hakuna aliyesimama. Niliita tena. Watu walitazamana. Mwisho mzee mmoja wa Dranya, ambaye jina lake halisi nalijua tangu nilipokuwa naota meno, aligutuka kama aliyepigwa kiwiko, akasema, "Mimi hiyo." La pili hivyohivyo, kimya, halafu mtu anajikumbuka. La tatu wakasimama wawili. Nilifika kwa yule ndugu wa baba mkwe aliyekufa Sudani, nikaita mara tatu, na baba mkwe amekaa mbele yangu ametulia, anatazama dari. Ikabidi nimkanyage mguu. Nilielewa hapo kwamba karani alizunguka wilaya nzima na daftari lake akakusanya majina ya watu wasiokuwepo. Si mzee wangu peke yake. Nusu ya ukumbi walikuwa wamefika kwa jina la mtu mwingine, na wengine walikuwa wamelisahau.

Madamu alifikiri ni mimi ninayeita vibaya. Aliniambia nipaze sauti.

Wakaanza kula. Nilisimama karibu na mlango, naangalia nje, nasubiri gari. Nilikuwa nimemfunga mtoto mgongoni tayari. Gari halikuja. Kilichokuja ni sauti ya yule mzee wa Dranya, si kubwa.

"Hii nyama iko ya nini?"

Jirani yake alinusa, akakitua kihenge chini kama kina nyoka. Mtu mmoja akasema kwa Kikakwa, mwingine akarudia kwa Kiswahili, kwamba wametuletea nguruwe. Vihenge vikaanza kuanguka. Wazee wa Koboko walisimama wote kwa pamoja, viti vikaburuzwa, na nikaona mwalimu mmoja kijana amekunja ngumi, akisema hii ni makusudi, tumerudishwa nyumbani tuje kudharauliwa mezani. Baba mkwe alikuwa ameshika shavu. Alikuwa ameshameza.

Madamu alitoka jikoni mbio, na nyuma yake mpishi, mama Mwislamu wa mjini ninayemheshimu, ameshika ile nakala ya pili ya orodha. Ilikuwa na madoa ya mafuta. Mpishi alikuwa anaapa kwa Mungu kwamba kuku waliochinjwa na shehe aliwapika kwa sufuria yake mwenyewe, uani, mbali kabisa, na kwamba yeye alijaza kijani kuku, na wasaidizi wasio Waislamu wakajaza nyekundu nguruwe, kama walivyoandikiwa. Watu hawakumsikiliza. Mwalimu kijana alimwita muuza dini.

Nyama. Zilikuwa alama za nyama.

Ningeweza kunyamaza. Nataka nilikiri hilo. Ningetoka polepole na mtoto wangu, na mama yule angebeba lawama mpaka kaburini, na Madamu angerudi kwao kusini na kusema alijua siku zote kwamba sisi ni watu wa fujo. Nilimtazama mpishi jinsi anavyoipeperusha karatasi ile yenye mafuta. Hiyo karatasi ndiyo niliyoiogopa juma zima.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi nilichanganya rangi. Mpishi hana kosa."

Mzee wa Dranya akanigeukia. "Umechanganya sababu gani?"

"Sikujua ni ya nyama. Niliona sisi wote tumewekwa kijani. Nilifikiri ni orodha."

Hakuna aliyeniuliza orodha gani. Ukumbi wote ulitulia, hata wale wa alama nyekundu, kwa sababu wao nao walikuwa na lori lao na karatasi yao. Madamu peke yake alikuwa anamtazama huyu na huyu, anasubiri mtu amtafsirie.

"Lakini wewe mjane," alisema mwalimu kijana. "Uogope orodha ya nini? Mume ulishazika."

Nilimtazama baba mkwe. Alitikisa kichwa kidogo, hapana, usiseme. Na mimi nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka kuliliwa na wanawake kwa ajili ya mtu aliye hai.

"Sijazika mtu," nikasema.

Mtoto mgongoni alikohoa. Kisha baba mkwe akainuka, akafuta mdomo kwa leso, akakiokota kihenge chake sakafuni na kuwaonyesha watu utepe wake mwekundu.

"Someni hapa," alisema. "Jina hii iko ya ndugu yangu, alikufa Sudani, mnajua wote. Basi aliyekula nguruwe ni marehemu. Mimi hapa hawakunialika."

Wa kwanza kucheka alikuwa mzee wa Dranya. Alicheka mpaka akakaa. Akasema hata yeye hakualikwa, aliyealikwa ni shemeji yake aliyehamia Zaire. Mama mmoja akasema yeye alitoa jina la mke mwenzake, ili kama ni mabaya yampate huyo. Mmoja baada ya mwingine walijitaja, huku na kule, kila mtu na jina lake halisi, kwa sauti, mbele ya watu, na kwa muda mfupi ilikuwa kama tunafahamiana upya. Wakabadilishana vihenge. Mpishi alizunguka na sufuria la kuku, akawapa wazee maji ya kusukutua. Mwalimu kijana alimwomba radhi, si kwa uzuri sana.

Nisiwadanganye kwamba yaliishia kwenye kicheko. Baba mkwe hakunisemesha mpaka palizi, na alifunga siku tatu. Kutania alitania, lakini alikuwa amemeza.

Kesho yake Madamu aliniita. Hakuketi. Aliniambia ningeuliza. Nikamwambia niliuliza, na yeye akanijibu nisiwe na wasiwasi. Alisema hakufikiri kwamba mtu anaweza kuogopa utepe. Nikamwambia amshukuru Mungu wake kwa hilo. Tulisimama hivyo, wanawake wawili wenye hasira, na katikati yetu meza yenye kihenge kimoja cha ziada kilichobaki, kisicho na jina.

Halafu uso wake ukabadilika, sijui kama ni huruma au ni kitu kingine. Akaniuliza kuhusu mume wangu. Alisema stoo ya mbegu inahitaji mtu mwenye nguvu anayejua kusoma, na kama anarudi, atamwombea nafasi. Nilitaka kumwamini. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba orodha yake ilikuwa ya kuku na nguruwe, basi.

Akavuta daftari, akafungua kalamu. Ilikuwa ile ya kijani.

"Anaitwa nani?"

Nikamtajia jina. Lilikuwa la kaka yangu, aliyefariki kabla hajaanza kutembea.

Siku ya soko mama wa sabuni alipouliza kama mzigo uko, nilimwambia upo. Nililikunja shati la samawati likawa dogo kabisa, nikalitia ndani ya kihenge kile kilichobaki, ambacho nilikuwa nimeomba ruhusa nikakichukua. Chini ya shati niliweka kipande cha manila. Niliandika: Njoo. Kuna kazi. Kuanzia mpakani unaitwa hivi, nikaandika jina la kaka yangu, lizoee njiani.

Alifika baada ya majuma mawili, shati limempwaya. Binti yetu alimsimamia mlangoni, mikono kiunoni, akamuuliza yeye ni nani.

Alinitazama mimi kwanza, nimwonyeshe ataje jina lipi.